Namba moja ya simu kwa wateja na kwa familia: nitenganisheje?

Mshona Vitenge (Moshi)

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, jirani na soko la Mbuyuni, na kazi yangu kubwa ni nguo za vitenge, sare za harusi na magauni ya sendofu. Wateja wangu wengi siku hizi hawanipati kwa kupita njiani. Wameona gauni kwenye stetasi ya WhatsApp ya rafiki yao au kwenye ukurasa wangu wa Instagram, na baadhi yao wapo Arusha na Dar es Salaam, wananitumia vipimo na picha ya mshono wanaoutaka, nami nawatumia mzigo kwa basi. Kwa hiyo sina nia ya kuacha mitandao, na jibu la "funga kila kitu" nimeshapewa na binamu yangu mara nyingi kiasi kwamba naomba nisipewe tena hapa.

Tatizo langu ni kwamba namba yangu ni moja tu, niliyo nayo tangu kabla sijafungua ofisi. Ndiyo iliyoandikwa kwenye vibao na kwenye lebo za nguo, ndiyo wateja wanayolipia, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye kundi la ukoo, la kikoba, la kwaya na la wazazi wa darasa la mwanangu. Hivi karibuni nilipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa mwalimu wa zamu, akamtaja mtoto kwa jina lake, akataja shule na darasa, kisha akasema mtoto ameanguka na fedha za vipimo zinahitajika haraka. Nilimpigia kwanza mwalimu wa darasa, naye akanipa mtoto nikaongea naye akiwa mzima. Yote aliyoyasema yule tapeli yalipatikana kwenye stetasi moja: mtoto amevaa sweta lenye nembo ya shule, na chini yake pongezi zenye jina lake na darasa analoingia.

La pili linahusu wengine. Nimechaguliwa kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya mdogo wangu. Kundi lina watu zaidi ya mia moja, na mnajua desturi: kila jioni unabandika orodha yenye jina, ahadi, kiasi kilicholipwa na salio. Jamaa mmoja amenipigia kwa sauti ya chini akiomba jina lake lisionekane, kwa sababu ndani ya kundi hilo yumo mtu anayemdai, naye hataki mdai wake aone kwamba amepata laki mbili za kuchangia harusi. Nifanye nini, ikiwa nikimficha mmoja wengine watauliza fedha zake ziko wapi?

Fundi Simu wa Kijenge (Arusha)

Dada, pole kwa simu hiyo. Watu wengi wakipatwa na jambo kama lako huanza kufuta picha, lakini kwa maoni yangu picha ni tawi tu. Shina ni namba ya simu.

Fikiria mtu asiyekujua kabisa, ila ameipata namba yako kwenye lebo ya gauni. Akiingiza namba hiyo kana kwamba anataka kukutumia fedha, kabla hajathibitisha muamala ataona jina lako kamili kama lilivyosajiliwa. Jina hilo akilitafuta Facebook anakuta wasifu wako, na kwenye wasifu anakuta ndugu zako, na kwa ndugu zako anakuta hata yale ambayo wewe mwenyewe hukuyaandika. Hakuna aliyevunja nenosiri la mtu hapo. Mwezi Aprili 2021 taarifa za watu wapatao milioni 533 wa Facebook kutoka nchi 106 ziliwekwa wazi mtandaoni, zikiwemo namba za simu, na njia iliyotumika kuzikusanya ilikuwa ya aina hiyo hiyo: wakusanyaji walipakia mafungu makubwa ya namba kwenye sehemu ya kutafuta marafiki kupitia orodha ya simu, na mfumo ukawajibu kila namba ni ya nani.

Kuhusu stetasi, ni vyema ujue inavyofanya kazi. Ukiwa hujagusa mipangilio, stetasi yako huonekana kwa mtu ambaye umehifadhi namba yake na yeye pia amehifadhi yako. Kwa hiyo kila mteja unayemhifadhi kwa nidhamu ya biashara, "Mama Sare Machame" na wenzake, unamfungulia mlango wa sebule siku hiyo hiyo. Unaweza kuzuia watu fulani kwa kuwachagua mmoja mmoja, lakini orodha hiyo itakuchosha kwa sababu wateja wapya hawaishi, na atakayesahaulika mara moja ataona kila kitu. Tena stetasi hudumu saa 24 tu kwako, ila aliyepiga picha ya skrini anabaki nayo, na WhatsApp haikuambii kwamba amepiga.

Ushauri wangu utakushangaza kidogo: usitafute laini mpya kwa ajili ya biashara. Iache namba ya zamani iwe ya biashara, kwa sababu imeshatawanyika na hakuna namna ya kuirudisha, halafu laini mpya iwe ya familia, isiyoandikwa kwenye kibao wala kwenye ukurasa wowote. Simu yenye nafasi ya laini mbili inatosha. Pakua WhatsApp Business, ambayo ipo tangu mwaka 2018, ihamishie namba ya zamani pamoja na mazungumzo yake, kisha WhatsApp ya kawaida uisajili kwa laini mpya. Zote mbili hukaa kwenye simu moja bila kugombana. Kwenye WhatsApp Business kuna katalogi ya kuweka magauni na bei, na kuna orodha ya matangazo inayomfikishia kila mteja aliyekuhifadhi ujumbe wako bila wateja kuonana namba, tofauti na kundi, ambamo kila aliyemo huona namba za wenzake wote.

Kwenye malipo, omba Lipa Namba kwa mtandao wako wa simu. Mteja atakayelipa ataona jina la biashara badala ya majina yako matatu. Instagram nayo igawe: akaunti ya biashara haiwezi kufungwa isionekane kwa umma, kwa hiyo picha za nyumbani zihamie kwenye akaunti nyingine ya binafsi, iliyofungwa. Kwenye akaunti hiyo zima ruhusa ya kusoma orodha ya namba za simu, vinginevyo programu itawapendekezea wateja wako wakufuate huko huko ulikokimbilia.

Mwisho, weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp zote mbili, ule wa tarakimu sita unaojichagulia mwenyewe. Tapeli akikudanganya umpe msimbo uliotumwa kwa ujumbe mfupi, bado atakwama hapo. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kuna watu wamekuta laini wasizozijua kabisa.

Mwongoza Watalii (Moshi)

Nakubaliana na Fundi, ila niongeze upande ambao wapenda faragha huusahau. Katika kazi yangu, mtu asiyeonekana mtandaoni hapewi kazi. Mgeni aliyeko Ujerumani au Marekani, kabla hajatuma malipo ya awali ya kupanda mlima, hutafuta jina langu, huangalia kama picha zangu za kambi za Horombo na Kibo, kule Kilimanjaro, ni za miaka mingi au zimewekwa juzi, na husoma waliopanda nami wameandika nini. Akaunti tupu kwake ni dalili ya utapeli. Kwa hiyo jina langu la kweli, sura yangu, leseni yangu na lugha ninazozungumza viko wazi, na vitaendelea kuwa wazi. Kisichopo ni mke wangu, watoto, mtaa tunaokaa, wala gari ninaloendesha.

Jambo ninalolisimamia ni muda. Picha ya mgeni siiweki akiwa bado yupo njiani, kwa sababu ukiandika kwamba fulani yuko Horombo leo, umewaambia watu wote kwamba nyumba yake haina mwenyewe na kwamba ana siku kadhaa kabla ya kushuka. Nangoja ashuke, nangoja arudi kwao, kisha namuuliza. Wengi hukubali kwa furaha, na wachache wanaokataa hawana haja ya kunieleza sababu.

Sisi wenyewe tuna yetu ya Desemba. Mtu anaondoka Dar es Salaam na familia nzima kwenda kula sikukuu kijijini, na kuanzia Same anarusha moja kwa moja safari yote, hadi mbuzi anapochinjwa Rombo. Majirani wema wanaona, na wasio wema wanaona pia. Picha za mbuzi zinaweza kungoja Januari.

Wakili wa Njiro (Arusha)

Nichangie kwa ufupi upande wa sheria, kwa kuwa muuliza swali ana nafasi mbili: ni mwenye taarifa zake, na wakati huo huo ni mtunza taarifa za wateja na wachangiaji.

Haki ya faragha imo kwenye ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977, lakini kwa miaka mingi ilikosa sheria mahususi ya kuitekeleza upande wa taarifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Msingi wake si mgumu kuuelewa: taarifa ya mtu ikusanywe kwa kusudi halali linalojulikana, itumike kwa kusudi hilo, na mwenye nayo ana haki ya kujua ulicho nacho, kukirekebisha na kukataa matumizi asiyoyaridhia. Mteja aliyekutumia picha yake amesimama mbele ya kioo ili umshonee gauni amekupa picha ya kushonea. Hakukupa picha ya tangazo. Ukitaka kuitumia kwa tangazo, muombe, na akubali kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp unaoutunza. Kwa maharusi uliza pia lini, maana kuna bibi harusi ambaye hataona ubaya wa gauni lake kuonekana wiki moja baada ya shughuli, lakini hatakusamehe likionekana siku mbili kabla.

Sheria hiyo inaziweka taarifa za watoto na za miamala ya fedha ya mtu katika kundi la taarifa nyeti, ambazo zinahitaji uangalifu zaidi. Naliacha hapo kuhusu orodha ya harusi, kwa sababu sidhani kama kuna mtu anataka kuipeleka kamati ya harusi kwenye Tume. Lakini ombi la yule jamaa halikuwa la ajabu wala la kujificha bila sababu.

Kuhusu aliyekupigia, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalitambua kosa la kujifanya mtu mwingine. Toa taarifa polisi ukiwa na namba na saa ya simu. Namba ya tapeli, kama zile za "ile hela tuma kwenye namba hii", inaweza pia kutumwa 15040 bila malipo.

Mwalimu Mstaafu (Marangu)

Wanangu, nimewasoma wote na nimejifunza, hasa kuhusu Lipa Namba. Ila kwenye orodha ya michango naomba nisimame peke yangu.

Nimekaa kwenye kamati za harusi na za misiba tangu enzi za daftari la mistari. Orodha haikuwekwa hadharani kwa ajili ya kuwaaibisha watu. Iliwekwa kwa sababu ya mweka hazina. Fedha za wengi zikishikwa na mmoja, dawa ni kila mchangiaji aone jina lake na kiasi alichotoa, na aone jumla. Orodha ikifichwa kwa heshima ya wachangiaji, atakayefaidika kwanza ni mweka hazina asiye mwaminifu, na sisemi kwamba binti yetu hapa ni mmoja wao. Pili, ahadi ni neno la mtu mbele ya watu. Ahadi ya siri hailipwi, nimeona nyingi.

Nakiri kwamba zamani orodha ilisomwa kwenye kikao. Waliokuwepo walisikia, wakanywa soda, wakaenda nyumbani, na daftari likabaki kwa katibu. Sasa orodha inabandikwa kundini ambamo wamo watu ambao hata kikao kimoja hawajafika, na mmoja akiisambaza inafika kwenye kundi la kikoba kabla jua halijazama. Hilo ni tofauti, sikatai. Lakini jibu la tofauti hiyo ni kurudisha hesabu kwenye kikao.

Mshona Vitenge (Moshi)

Mwalimu, shikamoo, na ahsanteni wote. Ushauri wa kuacha namba ya zamani iwe ya biashara sikuutegemea, lakini nilipoufikiria nikaona ni kweli: lebo zimeshaenda mpaka Mwanza, nani atazirudisha? Ya picha za wateja nimeanza leo. Kwenye stakabadhi nitaongeza mstari wa kuuliza kama picha ya nguo iruhusiwe, na kama sura ionekane au hapana, maana wapo wanaopenda gauni lionekane kuanzia shingoni kushuka chini.

Kuhusu orodha, Mwalimu amenifanya nisikubali kirahisi wazo la kuificha. Naomba mnikosoe kwenye hili: kila mchangiaji anapata namba ya stakabadhi, namtumia yeye peke yake. Kundini nabandika namba za stakabadhi na kiasi, bila majina, pamoja na jumla. Kila mtu atatafuta namba yake na kuona fedha yake imeingia, na anayetaka kujumlisha ajumlishe. Daftari lenye majina nitakuja nalo kikaoni, lifunguliwe hapo kwa yeyote anayetaka kuliona.

Mwalimu Mstaafu (Marangu)

Marahaba. Kwa fedha zilizokwisha kulipwa umenishinda, hiyo ni hesabu safi. Kwa ahadi bado hujanishinda, kwa sababu ahadi isiyo na jina ni tarakimu tu. Gawa wadaiwa kwa wajumbe: wa upande wa baba ashughulikie wa upande wa baba, na wa upande wa mama vivyo hivyo, kila mmoja awapigie watu wake kwa simu. Mtu akikumbushwa na shangazi yake hulipa mapema kuliko akikumbushwa na kundi.

Fundi Simu wa Kijenge (Arusha)

Wazo la stakabadhi ni zuri, ila namba zisifuatane kwa mpangilio wa kujiunga kundini, la sivyo wajanja watazikisia.

Dada, kabla hujaanza kuhamisha WhatsApp, anza na benki, barua pepe na akaunti zote zinazotuma msimbo wa kurejesha nenosiri. Zote ziende kwenye laini mpya. Ya biashara inapita mikononi mwa wasaidizi ofisini, na haifai kuwa ufunguo wa benki. Kisha waombe wasimamizi wa kundi la ukoo, la kwaya, la kikoba na la wazazi waingize namba mpya, uhakikishe umo, ndipo ujitoe kwa ile ya zamani; ukijitoa kwanza utakosa matangazo ya shule. Picha za mtoto zilizoko Instagram huna haja ya kuzifuta, zihamishie kwenye hifadhi ya akaunti, utaziona wewe peke yako. Kwenye Facebook washa mapitio ya kutajwa kwenye picha, ili shangazi akikutaja chini ya picha ya mtoto, isionekane kwenye wasifu wako mpaka uikubali. Lakini kwenye ukurasa wake yeye itaendelea kuonekana, kwa hiyo shangazi itabidi umpigie simu.

Na hiyo laini mpya itie vocha na uitumie kupiga mara kwa mara. Laini inayolala muda mrefu hufungwa na namba yake hupewa mtu mwingine, ambaye ataanza kupokea misimbo yako ya benki.